Ufito, Daftari na Kombe: Kisa cha Klabu ya Tenisi Iliyofiwa na Ami

Mwenyekiti alitaka kombe. Ndiko kilikoanzia kisa hiki, na kwa haki yake niseme mapema kwamba hakuwa na nia mbaya. Ami alifariki wiki mbili kabla ya Ramadhan, akazikwa Mwanakwerekwe siku ile ile baada ya Alasiri, na mfungo ulipofika nusu, kamati ilikuwa imeshamaliza mipango: Kombe la Ami, Sikukuu Pili, fulana zenye picha yake kifuani, mdhamini hoteli moja ya ufukweni. Kila kitu kilikuwa tayari ila kiwanja, na ila familia, ambayo hakuna aliyekwenda kuiuliza.

Nilikuwa mmoja wa watatu waliotumwa baadaye kuiuliza. Kisa nakiandika kwa ridhaa ya wenyewe, kwa sharti kwamba klabu isitajwe na majina yasitajwe. Marehemu nusu ya mji ilimwita Ami, yaani ndugu wa baba, hata baadhi ya waliomzidi umri, na wajukuu wa aliocheza nao ujanani wakamwita vivyo hivyo, basi na hapa atabaki Ami. Klabu za visiwani zenye mtu wa namna hii ni nyingi, za tenisi na zisizo za tenisi, na nyingi hazijakaa kitako kujiuliza siku akiondoka itakuwaje.

Mtu mwenyewe

Ami hakuwa bingwa. Watoto wakimuuliza makombe yake yako wapi, alikuwa akiwaonyesha birika la chai. Alicheza tenisi ya ridhaa tangu utotoni mpaka miezi michache kabla ya kufa. Miaka ya mwisho aliacha kucheza mmoja mmoja, akabaki na wawili wawili, amesimama karibu na wavu, akiwaachia vijana kazi ya kukimbia. Sevisi yake ilikuwa ya kuombea dua. Lakini alikuwa na pigo moja, la kuukata mpira chini kwa mkono wa nyuma ukadondoka hatua moja nyuma ya wavu na kufia hapo, ambalo limewaaibisha vijana wengi wenye misuli.

Alizaliwa Kikwajuni na akaingia katika mchezo huu kwa mlango wa uani. Enzi za ukoloni viwanja vya Mnazi Mmoja vilikuwa na wenyewe, na kila jamii ya mji ilikuwa na klabu yake. Klabu ya Waingereza pale Shangani ilianzishwa 1888, ndiyo nyumba inayojulikana leo kwa jina la Africa House, na mtoto wa Kikwajuni hakuupita mlango ule ila amebeba kitu. Ami aliokota mipira. Aliokota huku akitazama, na jioni wakubwa wakishaondoka waokota mipira walicheza kwa ubao wa sanduku la chai.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 viwanja vikawa wazi, lakini wenye raketi wengi walikuwa wameshapanda meli. Raketi yake ya kwanza ya kweli aliachiwa na mmoja wa hao. Ilikuwa ya mbao, imebanwa katika fremu ya mbao yenye skrubu nne pembeni, kwa sababu raketi ya mbao ukiiacha wazi katika unyevunyevu wetu hupinda kichwa. Fremu ile aliitunza hata dunia ilipohamia kwenye raketi za grafaiti zisizohitaji kubanwa. Mipira ilikuwa taabu zaidi. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi liliruhusu mpira wa manjano 1972. Unguja miaka hiyo watu walikuwa wakicheza na mipira meupe iliyogeuka kijivu, manyoya yamekwisha, na mpira mmoja ukitumbukia mtaroni mchezo unasimama mpaka upatikane. Mambo yalianza kulegea katikati ya miaka ya 1980, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar na biashara ikafunguliwa. Ami wakati huo alikuwa karani serikalini, na mshahara wake ulijulikana unakwenda wapi.

Niongeze jambo moja la mazingira, kisha tuendelee. Michezo si jambo la Muungano. Zanzibar ina Baraza lake la Taifa la Michezo, lakini ukivuka bahari mlango wa tenisi ni chama cha Tanzania, na tuliona kwenye soka jinsi milango hiyo isivyofunguka kirahisi: CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupokea uanachama Machi 2017, Julai ikatuvua. Fedha na macho viko kwenye mpira wa miguu, na Amaan mpya iliyofunguliwa Desemba 2023 ni ushahidi. Sina ugomvi na hilo. Mimi mwenyewe niko jukwaani kila Kombe la Mapinduzi. Maana yake tu ni kwamba tenisi hapa haiishi kwa bajeti. Inaishi kwa mtu anayeamka.

Yaliyotokea alipoondoka

Ami alikuwa akiamka. Akitoka msikitini Alfajiri anapitia kiwanjani na ufagio wa chelewa, anafagia majani ya mkungu, anatazama mtaro wa nyuma kama haujaziba. Jioni ya mwisho anaulegeza wavu, kwa sababu waya ukiachwa umekazwa usiku kucha katika hewa ya chumvi hula kutu pale pale unapopinda juu ya nguzo, na siku moja utakatika na kumpiga mtu usoni. Asubuhi anaukaza tena, anapima kimo cha katikati, anafunga ule ukanda mweupe wa katikati. Anaandika katika daftari nani amelipia saa gani. Anatia tukuza umeme ukikaribia kwisha. Hakuna hata moja katika hayo aliloajiriwa kulifanya.

Wiki ya kwanza baada ya maziko kiwanja kilifungwa kwa heshima. Wiki ya pili kilifunguliwa, na hapo ikajulikana kwamba makufuli ni matatu na kamati ina ufunguo mmoja. Likavunjwa la geti. Kisha mvua za masika zikaingia. Majani yaliziba mtaro, maji yakakaa juu ya saruji kutwa kucha, na yalipokauka rangi ya mistari upande wa kusini ilikuwa imenyanyuka kama ganda la kitunguu. Wavu ulikuwa umeachwa umekazwa tangu siku ya kufunguliwa. Waya ukakatika, kwa bahati usiku, hakuna mtu.

Katika kundi letu la WhatsApp lawama zikaanza. Mmoja alisema klabu haina uongozi. Mwingine akasema tangu Ami aondoke hakuna baraka. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa kutenda na hapendi kelele, akajibu kwa kutuma mchoro wa fulana.

Nadhani huyu hakuwa peke yake. Msiba ukikuingia unatafuta kitu cha kufanya, na kombe ni kitu chepesi: lina tarehe, lina mdhamini, lina picha, na linakwisha siku ile ile. Kufagia hakuna siku ya kwisha. Ndiyo sababu mikono iliyonyooshwa kutaka kusimamia kombe ilikuwa mingi, na wa kushika ufagio hakuna aliyeulizwa wala aliyejitaja.

Nyumbani

Tulikwenda baada ya Tarawehe, mwenyekiti, mshika fedha na mimi. Tulipokewa na mtoto mkubwa wa kiume, tukakaa barazani ndani, kahawa ikaja. Mke wa marehemu, wa pili, aliyemwoa miaka baada ya wa kwanza kufariki, alikuwa edani, na eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Alizungumza nasi nyuma ya pazia.

Mwenyekiti alitoa rambirambi kwa ufasaha, akaingia katika kombe. Alieleza mdhamini, fulana, wageni watakaoalikwa.

"Mwenyekiti, kaka yangu, ahsante," sauti ikatoka ndani. "Lakini mimi nimo edani. Na watoto hawa hawajajua nani anamdai baba yao wala nani anadaiwa naye. Mtaivaa picha yake mkikimbizana na mpira, na deni lake liko wapi?"

Mshika fedha akasema kwa upole, "Bi Mkubwa, sisi hatumdai marehemu kitu."

"Mimi sikusema nyinyi mnamdai."

Kahawa ilinyweka kimya kimya baada ya hapo. Tulipotoka mwenyekiti aliona amevunjiwa heshima, na mpaka tunafika barabarani alikuwa akisema familia imeingiza fedha katika jambo la mapenzi. Hoja hiyo nitaijibu mbele, kwa kuwa si ya kipuuzi na wengi wanayo.

Kombe la Sikukuu Pili likaahirishwa. Mdhamini hakungoja, alipeleka fedha zake kwenye mpira wa ufukweni. Hiyo ni hasara ya kweli na asiyeitaja hasemi kisa chote.

Mkekani

Baada ya Sikukuu kijana alituita tena, safari hii na dada yake mkubwa, mwalimu wa skuli, ambaye mtaani huitwa Maalim. Walikuwa wametandika mkeka na kumwaga juu yake kila kitu cha tenisi kilichokuwamo nyumbani. Kilikuwa kingi kuliko nilivyodhani. Raketi kumi na kitu, nyingine hazina nyuzi. Makopo ya mipira, mfuko wa mipira mikubwa myekundu ya watoto. Turubai la buluu lililokunjwa. Mashine ya kutia nyuzi, ile ya mkono wenye uzito unaoshuka. Kopo la maziwa ya unga lenye fedha. Fremu ya skrubu nne. Madaftari. Na ufito mmoja wa mkoko, mfupi, umekatwa vizuri ncha zote mbili, umepakwa rangi nyeupe upande mmoja.

Kijana akasema tugawe mafungu matatu: kilicho cha klabu, kilicho cha baba, na kisichojulikana. Kilicho cha klabu kilikuwa amana mikononi mwa marehemu, na amana hairithiwi, inarudi kwa mwenyewe kabla ya lolote. Kilicho cha baba ni tarika, yaani mali aliyoiacha maiti, kinatolewa madeni kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi kama upo, kisha kinakwenda kwa warithi. Fungu la tatu ndilo lililokula jioni.

Ufito ulianza kuwekwa katika fungu la kuni. Mshika fedha, aliyecheza pale miaka mingi, alidhani ni wa kuegemezea dirisha. Kijana mwenyewe hakuujua. Mlangoni alikuwa amesimama mtoto wa jirani, mmoja wa waokota mipira wa Ami, miaka kumi na moja hivi, ametumwa kuleta barafu. Akasema, "Huo wa wavu." Tukamtazama. Akaingia, akausimamisha sakafuni, akaweka kiganja juu ya ncha. "Ami anausimamisha katikati, wavu ukigusa hapa basi. Upande mweupe juu."

Tuliupima. Sentimita 91 na nukta kidogo. Sheria inataka wavu uwe sentimita 91.4 katikati na 107 kwenye nguzo. Wengi wetu hupima kwa kusimamisha raketi moja na kulaza kichwa cha nyingine juu yake, inakaribia. Ami hakutaka kinachokaribia. Katika chumba kile palikuwa na mwenyekiti, mshika fedha, mwandishi wa kisa hiki na warithi wawili, na aliyejua kazi ya ufito ni mtoto wa barafu. Kama ningeulizwa klabu ilikuwa na tatizo gani, ningeonyesha hapo tu.

Daftari

Sasa ile hoja ya mwenyekiti. Ami alitoa kwa kujitolea, akasema, na mtu aliyejitolea ukimlipa baada ya kufa umeigeuza sadaka yake kuwa kibarua.

Ingekuwa kweli kama Ami mwenyewe asingeandika. Aliandika. Daftari lina safu ya fedha za klabu zilizoingia, safu ya alizotoa mfukoni mwake, na pembeni sababu: tukuza, waya, roli ya nyuzi, chokaa, nauli ya boti kwenda kuchukua mipira Dar. Roli moja ya nyuzi ina mita 200 na raketi hula kama mita 12, kwa hiyo ameandika mahali, "roli raketi 16, ikitoka 17 kuna mtu amepunjwa." Na katika safu ya alizotoa, kurasa za miaka ya nyuma zimepigwa mstari mwekundu juu ya kila kiasi. Kurasa za mwaka wa mwisho hazina mstari hata mmoja.

Maalim ndiye aliyetufungulia fumbo. Kila Ramadhan, kumi la mwisho, baba yake alikaa na kalamu nyekundu akapitia mwaka mzima. Alichosamehe alikipiga mstari. Ambacho hakukisamehe alikwenda kumwambia mshika fedha wa wakati huo, na mara nyingine alilipwa. Mshika fedha wetu akakiri kwamba ndivyo, mwaka mmoja alilipwa gharama ya waya.

Mtu huyu basi alikuwa na utaratibu wake wa kutofautisha sadaka na deni, na utaratibu wenyewe ulikuwa na siku. Akafa wiki mbili kabla ya Ramadhan kuingia. Je, mwaka wa mwisho tuuhesabu sadaka kwa kuwa mingi iliyopita aliisamehe? Mwenyekiti alisema ndiyo. Mimi nasema hapana, na Sheikh aliyeulizwa na familia alisema hapana: msamaha ni tendo la mwenye mali, na hakulitenda. Aliyebaki hawezi kumsamehea maiti haki yake, tena inapokuwa sasa ni haki ya warithi. Hesabu ya mwaka ule ilikuwa shilingi 730,000.

Palikuwa na kiasi kimoja cha mwaka uliotangulia, 85,000 za waya, ambacho mstari mwekundu umeanza na kuishia katikati. Tulikijadili kiasi hicho kuliko vyote. Kalamu iliisha wino? Aliitwa mlangoni? Alibadili nia? Kijana alitaka kukiacha. Maalim akakumbusha kwamba miongoni mwa warithi yumo mdogo wao wa miaka 12, na penye shaka mali ya mtoto hailipii shaka. Kikaingia katika deni. Jumla 815,000.

Kopo la maziwa lilikuwa na 214,000, ada za wanachama, zinalingana na daftari mpaka senti ya mwisho. Mshika fedha akapendekeza zikatwe humo humo katika deni. Kijana akakataa kuchanganya: amana kwanza ihesabiwe mbele ya watu na irudi mikononi mwa klabu, kisha klabu ilipe deni lake kwa mkono wake. Kihesabu matokeo ni yale yale. Kwa sura ya jambo si yale yale, na kijana alikuwa sahihi.

Nisipite bila kutaja kwamba ada ya uanachama ya Ami mwenyewe imeandikwa imelipwa kila Januari, hata miaka ambayo klabu ilikuwa na deni kwake mara kumi ya kiasi hicho. Za wajumbe fulani wa kamati hazikuwa hivyo. Majina yao pia yamo katika daftari, kwa mwandiko mzuri wa karani.

Mashine

Mashine ya kutia nyuzi ilikuwa ya shirika. Nusu ya bei ilichangwa na wanachama, nusu aliweka Ami. Mwenyekiti aliona njia rahisi: familia itoe nusu yake kwa klabu, iwe sadaka ya kudumu kwa marehemu, na kibandiko chenye jina lake kiwekwe ubavuni. Warithi wakubwa wote walikubali papo hapo, na mama yao nyuma ya pazia akakubali.

Tena ni mtoto wa miaka 12 aliyesimamisha shughuli, naye hayupo, yuko chuo cha Kurani. Mrithi mkubwa anaweza kutoa fungu lake. La mtoto hakuna wa kulitoa, si kaka yake, si mama yake. Mlezi hulinda mali, hagawi. Mambo ya mirathi kwetu hupita Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na yakizozaniwa hufika kwa Kadhi, na kote huko jibu lingekuwa hilo. Klabu nyingi hupokea "zawadi ya familia" kwa makofi bila kuuliza kama familia ina mtoto.

Hesabu yake ni fupi. Mke akiwa na watoto anapata thumuni. Kinachobaki kinagawiwa watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kwa wana wawili na mabinti wawili mali inakatwa mafungu 48: mke 6, kila kijana 14, kila binti 7. Fundi aliyeletwa kutathmini mashine alisema laki tisa na nusu. Kijana, ambaye nilishaanza kumpenda, akasema tuiandike 960,000 igawike. Nusu ya marehemu ni 480,000, kila fungu 10,000, na haki ya mtoto, ambaye ni binti, 70,000. Wakubwa walitoa mafungu yao kwa klabu. Klabu ikalipa 70,000 za mtoto, pamoja na lile deni, kwa mchango wa wanachama uliochukua miezi mitatu kukamilika na kelele nyingi kundini.

Jumamosi saa kumi

Mpaka hapo hakuna aliyeuliza turubai la buluu ni la nini. Mimi nilidhani la mvua.

Maalim alisema ni la wasichana. Jumamosi saa kumi jioni kiwanja kilikuwa chao. Ami alilifunga turubai kwenye uzio wa upande wa barabara, wanaume wakatoka, Maalim akakaa kitini kama mwangalizi, na wazazi wa Ng'ambo waliokuwa hawataki kusikia binti yao anacheza kiwanjani waliridhika kwa kuwa binti wa Ami yupo na yeye mwenyewe Ami yuko nje ya geti amewapa mgongo. Walicheza na mipira ile myekundu, ambayo mwendo wake ni robo tu ya mpira wa kawaida. Wakizoea walipanda kwenye ya machungwa, ya nusu mwendo. Shirikisho la Kimataifa limelazimisha mipira ya namna hiyo kwa mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake tangu 2012. Ami alisema angekuwa na ile mipira utotoni angejua sevisi.

Alipofariki, saa ile ilikufa siku ile ile. Wanaume walipokosa mistari walipiga kelele ndani ya saa moja. Wasichana hawamo katika kundi la WhatsApp. Walikuja Jumamosi moja, wakakuta kijana ameshika kiwanja anafanya mazoezi ya sevisi, wakarudi, hawakuja tena. Kamati haikujua kwamba wamekosekana kwa sababu haikuwahi kujua kwamba wapo, ila kwa namna ile ya kujua kwamba "Ami ana mambo yake Jumamosi". Na hao ndio wachezaji wapya pekee ambao klabu ilikuwa imewapata kwa muda mrefu.

Kwangu hili ndilo lililokuwa baya kuliko waya uliokatika. Fulana zingechapwa, hotuba zingetolewa kuhusu mapenzi yake kwa vijana, na kazi aliyoifanya kwa vijana ingekuwa imezikwa naye bila hata mtu kuisomea hitma.

Niliandika hivyo katika ripoti tuliyopeleka kwa kamati, na mapendekezo yalikuwa ya maneno machache: deni kwanza, kazi ipate wenyewe, jina baadaye. La pili ndilo lililoleta ugomvi, kwa sababu nilimtaja Maalim awe mjumbe wa kamati. Hakuwa mwanachama, katiba ya klabu inataka mwanachama aliyelipa ada. Mjumbe mmoja akasema tusivunje katiba kwa huruma ya msiba. Maalim alituma ada yake kwa simu kabla mkutano haujaisha, akauliza kama wajumbe wengine pia wamelipa. Kura ikapigwa haraka.

Kazi sasa imegawanywa. Watu wanne wanafanya aliyoyafanya mmoja, na Jumanne bado hakuna anayefagia. Ufito uko kiwanjani, umetundikwa ndani ya banda kwa kamba. Wasichana wamerudi, si wote. Wazazi wawili wamekataa, wanasema bila Ami getini haiwi. Mtaro umezibuliwa, mistari ya kusini imepakwa upya na imepinda kidogo, atakayecheza pale ataiona.

Kombe halijachezwa. Mwenyekiti ameshaacha kinyongo na sasa anataka kiwanja kiitwe kwa jina la Ami. Mama ametoka eda na hana pingamizi, mradi picha isiwepo. Lakini ardhi ni ya Serikali, klabu ni mtumiaji tu, na mtumiaji habandiki jina. Barua imeandikwa, imepelekwa, inangojewa.

Mashine iko bandani chini ya turubai dogo. Maalim hutia nyuzi raketi za wasichana, Jumapili asubuhi, kwa mkazo wa ratili 50, na amesema wazi kwamba za wanaume hana wakati nazo. Wanaume wanazipeleka Dar kwa boti na wanalalamikia bei. Kiti cha pili cha mashine kiko wazi kwa anayetaka kufundishwa, na mpaka leo aliyejitokeza ni yule mtoto wa barafu, ambaye mkono wake haujafika kwenye uzito.